Saanane Tuliyoijua

Huku kwetu Ilemela watu wa rika letu wakiketi pamoja jioni na kuanza kuzikumbuka siku za shule, hawakawii kufika Saanane. Humtaja simba kwanza, kisha sokwe, kisha mashua iliyotuvusha. Na mwisho wa mazungumzo ni uleule siku zote: mmoja hutikisa kichwa na kusema ya kuwa Saanane ile haiko tena, na ya kuwa waendao leo hurudi wameona pimbi na mawe. Neno hilo tumelisikia mara nyingi, hata limekuwa kama kesi iliyokwisha kukatwa. Twataka kuifungua tena kesi hiyo, kwa sababu neno lisemwalo barazani kwa kujifurahisha si lilelile likisemwa mbele ya watoto wangojao kujua kama watasafiri au hawatasafiri.

Kwa wasomaji wakaao mbali na Mwanza yatupasa kueleza kwanza kisiwa chenyewe. Kiko mwendo wa kilomita 2 hivi kutoka katikati ya mji, upande wa kusini-magharibi, mbele ya Capri Point. Ni majabali yaliyopandana, na miti iliyojipenyeza katikati yake, kama ilivyo nchi yetu yote ya kandokando ya ziwa. Jina lake ni jina la mtu: Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akivua samaki na kulima humo. Mwaka 1964, mwaka uleule nchi yetu ilipozaliwa kwa muungano, Serikali ilikitwaa kisiwa ikakifanya bustani ya wanyama, ya kwanza katika Tanzania. Makusudi yalikuwa mawili. Watu waje wapumzike na kujifunza habari za wanyama. Tena kisiwa kiwe kituo cha wanyama waliokuwa njiani kupelekwa Rubondo, kile kisiwa kikubwa kilichoko upande wa kusini-magharibi wa ziwa.

Mtu aweza kuuliza, Je, Wasukuma nao wahitaji kuonyeshwa wanyama? Naam, walihitaji. Babu zetu walimjua simba kwa nyayo zake. Lakini miaka mingi kabla ya kuzaliwa kwetu mapori ya Usukuma yalikuwa yamefyekwa, kwa kuwafukuza mbung'o na kwa kulima pamba, na wanyama wakubwa wakarudi nyuma. Hifadhi ya Serengeti, iliyowekwa mwaka 1951, haikuwa mbali kwa mtu aitazamaye katika ramani, kwani ukanda wake wa magharibi walikaribia ziwa letu. Lakini ni motokaa ya nani ingewachukua watoto wa mkulima mpaka huko? Saanane ilitaka miguu, nauli ya lori, na mashua, basi.

Sisi tulivuka mara ya kwanza katika miaka ya 1970. Mwalimu alitupa habari mwezi mzima kabla ya siku, na mwezi ule hapana mtoto aliyechelewa shuleni. Kila mmoja alitafuta senti zake kwa njia yake: huyu aliuza karanga, yule aliuza mayai ya kuku wa nyanya yake, na wana wa wavuvi walianika furu juu ya mawe wakawauza kwa mafungu. (Furu wale vijana wa leo hawawajui vema. Sangara, aliyetiwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950, alifikia wingi wake huku kwetu katika miaka ya 1980, akawala wengi wao hata namna nyingine zikatoweka kabisa. Lakini hayo ni masimulizi ya siku nyingine.) Usiku wa kuamkia safari mama zetu walitufungia matobolwa katika vitambaa. Tulifua nguo zetu za shule kwa sabuni ya kipande. Viatu hatukuwa navyo, wala hatukuona ya kuwa tumepungukiwa.

Lori lilituchukua alfajiri. Kirumba tuliijua kwa harufu ya samaki kabla ya kuiona. Hata tulipofika ufukoni tuligawanyika makundi mawili pasipo kuambiwa: wana wa Igombe na Kayenze, waliozaliwa majini, walirukia mashua wakicheka, na wana wa Buswelu, waliokulia mbali na ziwa, waliushika ubao kwa mikono miwili, macho wameyafumba. Mmoja wa hao aliuliza kwa sauti ndogo kama simba ajua kuogelea. Hakuna aliyemjibu, kwani hakuna aliyekuwa amelifikiri neno hilo, na mara tukaanza kulifikiri sote.

Tulimsikia simba kabla ya kumwona. Sauti yake haikuwa kama tulivyoigizwa na watu wakubwa nyumbani wakati wa hadithi; ilikuwa kama kitu kizito kikokotwacho juu ya mawe, nasi tuliisikia kifuani kuliko masikioni. Kisha ikaja harufu yake. Kisha tukapindua jabali, naye alikuwa pale, nyuma ya fito za chuma, amelala ubavu kama ng'ombe aliyeshiba. Twakiri tulisikitika kidogo. Katika kitabu chetu cha kusoma simba alikuwa mfalme amesimama juu ya kilima. Tulingoja. Mwalimu alitukataza kupiga kelele, nasi tukatii kwa hofu si kwa adabu. Baada ya muda akainuka, akatutazama watoto sitini mmoja mmoja, kama mtu ahesabuye, na chupa ya maji ikamponyoka mwenzetu mmoja ikavunjika. Huo ndio utazamo tuusimuliao mpaka leo.

Baada ya hapo akaanza kutembea. Hatua saba kwenda, akageuka. Hatua saba kurudi, akageuka. Twajua ya kuwa zilikuwa saba kwa sababu tulizihesabu kwa pamoja. Tuliporudi kijijini mchezo huo ulikaa nasi msimu mzima: mmoja huwa simba, hutembea hatua saba kati ya miti miwili na kugeuka, na wengine husimama wakimtazama, naye akisahau hesabu, hutolewa. Wadogo zetu ambao hawakwenda waliucheza vilevile, hata nadhiri ya kila mtoto wa mtaa ule ilikuwa kwenda kumwona mwenyewe wa mchezo.

Na sokwe? Sokwe alitoa mkono wake nje ya fito, kiganja juu, kama mtu aombaye. Tulimpa karanga. Alizitazama kwanza, akaondoa maganda kwa vidole, akala, akatoa mkono tena. Hapo tulicheka mpaka machozi. Njiani tukirudi mmoja wetu alisema kwamba kisiwa kile ni kama safina ya Nuhu: maji pande zote, na ndani yake kila namna ya mnyama, na mwalimu akampa sifa kwa kufikiri vema.

Hiyo ndiyo Saanane ya watu wa rika letu. Siku za sikukuu, hasa Saba Saba, watu walijaa kama sokoni. Mtoto wa karani wa mjini na mtoto wa mvuvi wa Kayenze walisimama bega kwa bega mbele ya kizimba kimoja, na simba hakumbagua mtu.

Miaka ikapita. Mwaka 1991 kisiwa kilipandishwa kuwa pori la akiba, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za nchi hii: kilomita za mraba 2.18, maji na nchi kavu pamoja, nayo imo mpakani mwa jiji. Sheria ya hifadhi ni nyingine, wala si ile ya bustani ya wanyama. Katika bustani mnyama huwekwa ili aonekane. Katika hifadhi mnyama huishi apendavyo, na mtu ndiye mgeni. Aendaye leo hupanda majabali kwa miguu na kuwaona swala, tumbili, na kima wenye ndevu nyeupe waitwao De Brazza. Akibahatika huona fisi maji wakicheza ukingoni. Mamba na kenge wako, na ndege wengi wa majini, na mijusi yenye vichwa vyekundu, na pimbi. Pimbi wengi sana.

Sasa tuje katika mkutano wa wazazi. Walimu tulileta shauri la kuwapeleka watoto wa darasa la tano Saanane, na kila mzazi atoe mchango wake. Tulidhani shauri litapita upesi, kwa kuwa wazazi wengi waliokuwapo ni wa rika letu, na bibi na babu waliokuja badala ya wazazi walikuwa na sisi katika lori lile. Lakini hao ndio waliosimama kulipinga. Mzee mmoja alisema, "Mwalimu, sisi tuliiona Saanane ilipokuwa Saanane. Mtoto akatazame nini leo? Mahali pale pamekufa." Mayu mmoja, mwenye nyumba iliyoegemea majabali juu ya barabara, alisimama akasema kwa upole, "Mwalimu, nitoe fedha mjukuu wangu akaone pimbi? Pimbi walala nyuma ya nyumba yangu. Huniibia mboga kila siku." Watu walicheka sana. Nasi tulicheka, kwani alisema kweli. Pimbi wamo katika majabali yote ya Mwanza, wala hapana mtoto wa huku asiyewajua.

Kicheko kilipokwisha shauri lilikuwa limekaribia kufa. Nasi tukajiuliza moyoni, Ni kitu gani hasa tunachokililia?

Tukisema ni simba, tutazame vizuri simba yupi. Hapa hapa Ilemela, Pasiansi, kuna chuo kinachofundisha askari wa wanyamapori tangu mwaka 1966. Zamani kidogo kijana mmoja wa chuo kile alikuwa mgeni wetu, nasi tukamsimulia kwa furaha mchezo wetu wa hatua saba. Hakucheka. Alitueleza ya kuwa simba wa porini hatembei hivyo kamwe. Hulala sehemu kubwa ya siku, na akiinuka ana pa kwenda. Kutembea kwenda na kurudi pasipo kukoma ni ugonjwa wa kufungwa, na wanyama wa vizimbani huupata katika nchi zote za dunia, hata Ulaya kwenye fedha nyingi. Kwa hiyo tusidhani ya kuwa kisiwa chetu kilikuwa na ubaya wa peke yake. Vizimba vya chuma na sakafu ya saruji vilikuwa desturi ya ulimwengu wote wakati ule, ijapokuwa Mjerumani mmoja, Carl Hagenbeck, alikuwa amekwisha kuonyesha huko Hamburg tangu mwaka 1907 namna ya kuwaweka wanyama nyuma ya mahandaki badala ya fito. Lakini tangu siku ile hatuwezi kulisimulia jambo la hatua saba kwa sauti ileile. Tuliloliiga mchana kutwa chini ya miti, tukiliita mchezo, lilikuwa mateso ya kiumbe.

Na sokwe vilevile. Yule aliyetoa mkono tulimwona mwombaji wa kuchekesha. Miaka ileile, kati ya 1966 na 1969, watu wa chama cha wanyama cha Frankfurt, wakiongozwa na Bernhard Grzimek, waliwaleta sokwe 17 kutoka Ulaya wakawafungulia Rubondo. Sokwe hao walikuwa wameishi miaka katika bustani na vizimba vya Wazungu, wakilishwa kwa mkono. Watu wengi wangalifikiri ya kuwa watakufa kwa njaa katika juma la kwanza. Hawakufa. Walijifunza matunda ya msituni, wakajenga matandiko yao ya matawi mitini kila jioni kama sokwe wafanyavyo, wakazaa, na uzao wao uko Rubondo hata leo. Basi twamfikiri yule wa kwetu wa karanga, mkono wake ukiwa nje ya fito, na wenzake kule ng'ambo wakijenga mitini, ziwa moja likiwaosha wote pande zote.

Tena kuna jambo ambalo watu wa rika letu hawalisemi. Kabla ya Saanane yetu palikuwa na Saanane nyingine. Yule mzee mwenye jina lake alikuwa na mashamba na nyavu humo, na mawe aliyoketi juu yake kutengeneza nyavu hizo huenda ndiyo yaliyobeba vizimba. Hata Rubondo, hao wanyama hawakukuta kisiwa kitupu. Wazinza waliokaa humo wakivua na kulima walihamishwa katika miaka ya 1960 wakapelekwa visiwa vya jirani na bara. Kwa hiyo mtu asemaye "mahali pale pamekufa" yampasa kujua ya kuwa neno hilo lilikwisha kusemwa kabla yake, na mwingine, juu ya bustani ileile aipendayo yeye. Sisi tulipokuwa tukicheka mbele ya sokwe, yamkini mtu fulani alisimama ng'ambo ya maji akikitazama kisiwa na kutikisa kichwa vilevile tunavyotikisa sisi.

Hata hivyo hatutaki kuwadhulumu wazee wa mkutano ule kwa kuwaambia ya kuwa hawakupotewa na kitu. Wamepotewa. Simba yule aliyelala ubavu ndiye simba wa pekee ambaye wengi wetu tumemwona maishani. Serengeti iko palepale, na barabara ni ya lami. Lakini mtoto wa mvuvi wa Kayenze hayuko karibu nayo kuliko alivyokuwa baba yake. Wageni hutoka ng'ambo ya bahari kuwatazama simba wetu, nao watoto wetu huwatazama katika picha. Bustani ile, pamoja na ubaya wa vizimba vyake, ilisema kwa mtoto maskini, Njoo, hata wewe. Mnyama alilipa gharama ya karamu ile, na karamu ilipofungwa, kwa haki, aliyebaki na njaa ni mtoto. Hatuoni ya kuwa hesabu hiyo imekwisha kulipwa mpaka leo, wala si kisiwa kimoja kidogo kitakachoilipa.

Bali tulipoifikiri zaidi tuliona ya kuwa sehemu kubwa ya tulichokipenda haikuwa ndani ya fito. Ilikuwa mwezi ule wa kungoja, na matobolwa, na lori, na mtoto wa Buswelu aliyeushika ubao. Ilikuwa kuvuka maji pamoja, kwenda mahali ambapo mwalimu naye alishangaa. Mambo hayo hayakuondolewa na sheria yoyote. Tena twawajua wengi wa rika letu, waombolezaji wakubwa wa Saanane, ambao hawajavuka tena tangu siku ile ya utoto. Waomboleza mahali wasipopafikia.

Basi mkutanoni tulisema machache. Hatukuisifu Saanane ya sasa kuliko ya zamani, kwani wangetuona waongo. Tulisema tu ya kuwa watoto hawajapata kuvuka, na ya kuwa wao hawana Saanane nyingine ya kuilinganisha nayo. Kimya kikawa. Mwisho mzee yule yule aliuliza mashua itakuwa na maboya ya kuokolea mangapi, ndipo tulipojua ya kuwa shauri limepita. Kwetu sisi tukaao ng'ambo ya pale ilipozama meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, swali hilo huulizwa na kila mzazi, na yafaa liulizwe.

Wengi wa darasa walikwenda, naye mjukuu wa mayu akiwa miongoni mwao. Mayu alitoa mchango siku ya mwisho, kwa sarafu. Askari wa hifadhi aliwaonyesha watoto kenge aliyelala juu ya jabali, urefu wake kupita mwanafunzi mdogo wa darasa, wakapiga yowe kama sisi tulivyopiga. Waliwaona swala karibu sana. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini hawakimbii, akajibiwa kwamba humu hapana aliyewahi kuwafukuza. Kisha wakafika penye pimbi, na watoto wakaanza kuguna kwa dharau, kama watu walioonyeshwa kuku.

Askari hakuharakisha. Aliwaambia wamtazame pimbi miguu, wakaona ya kuwa hana makucha kama paka bali kucha bapa, kama kwato ndogo. Akawaambia wangoje apige mwayo; nao wakangoja, kimya, zaidi ya tulivyomngojea simba. Pimbi alipopiga mwayo wakayaona meno mawili ya mbele, marefu, yameelekea chini. Ndipo alipowaeleza ya kuwa wataalamu wamechunguza miili ya wanyama hao na damu yao, wakaona ya kuwa katika wanyama wote wa nchi kavu waishio leo hapana aliye ndugu wa karibu wa tembo kuliko huyu. Na ya kuwa huota jua asubuhi juu ya mawe kwa sababu mwili wake haujui kujitunzia joto vema. Mjukuu wa mayu aliitwa mara tatu kupanda mashua.

Siku ya pili yake mayu alikuja shuleni kabla ya kengele, ndoo kichwani. Aliuliza kama ni kweli aliyoyasema mtoto, kwamba pimbi ni ndugu wa tembo, au watoto walidanganywa. Tukamwambia ni kweli.

"Na hawa walao mboga zangu, Mwalimu?"

Tukamwambia, na hao, mayu.